Deni la Nusu ya Ujuzi

Kati ya mtoto ajuaye kusoma na tabibu ajuaye kutibu pana kipindi cha maisha ambacho hakifikiriwi sana. Kipindi hicho ni miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita kwa wale wasomao fizikia, kemia na biolojia, pamoja na miezi ya kungoja ifuatayo mtihani. Mwanafunzi wa wakati huo si mjinga, wala hajawa mjuzi. Amefundishwa jinsi moyo usukumavyo damu, lakini hajapata kusikiliza kifua cha mgonjwa hata mmoja. Anazijua sumu na dawa kwa majina na kwa hesabu zake, lakini hana ruhusa ya kumpa mtu kidonge. Amesimama mlangoni, nje ametoka, na ndani hajaingia.

Swali la insha hii ni la mtu huyo wa mlangoni. Anawiwa nini na jamaa zake kwa ujuzi huo ambao haujatimia? Anawiwa kusema au anawiwa kunyamaza? Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza husema kwamba ajuaye nusu na anyamaze mpaka ajue yote, kwa maana aliyepotea hudhuriwa zaidi na kiongozi asiyeijua njia kuliko na kukosa kiongozi. La pili husema kwamba ajuaye kitu na akitumie, kwa maana kisima hakichimbwi ili kifunikwe. Kila jibu lina sura ya hekima, na kila moja limepata kunidanganya. Siandiki kama hakimu aketiye juu ya wengine. Naandika kama mtu aliyekosa mara mbili, kwa njia mbili zilizo kinyume, na aliyepata miaka ya kutosha kuyapima makosa yake.

Nilizaliwa katika kijiji cha wachimbaji upande wa Geita, na masomo ya kidato cha tano na cha sita niliyapata Shinyanga. Nchi hii yote, tangu ziwani mpaka mbugani, ni nchi ya ng'ombe, pamba na madini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu zamani za Waingereza, ikaachwa katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Ule wa Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye maduara, makarasha na mialo yao, katika mahali kama Rwamagasa na Nyarugusu. Huko kijana aweza kupata kwa wiki moja ya bahati fedha ambazo mwalimu wake hazipati kwa miezi, na darasa hupungua kila isikikapo kwamba duara fulani limetoa mawe mazuri. Kwa hiyo yule mmoja aliyeliacha duara akaendelea na shule mpaka kidato cha sita huwa si mali ya baba yake peke yake. Huwa ni wa kijiji kizima. Nami, kabla sijatahiniwa, nilikuwa nimekwisha kuitwa daktari.

Msomaji asiwacheke wanakijiji kwa haraka yao hiyo. Shauku yao ina historia. Hospitali ya Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1913, na kwa miaka mingi watu walitembea siku kadhaa kuifikia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo, kama Mwalimu Nyerere alivyokuwa akikumbusha, walikuwa 12 tu. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Na watu wa Kanda ya Ziwa walingoja mpaka mwaka 2003 ndipo chuo kikuu cha kufundisha madaktari kilipoanzishwa kwao, pale Bugando, Mwanza. Watu walioona uhaba wa namna hiyo hawawezi kulaumiwa wakimwita daktari mtoto ambaye bado hajawa chochote. Mwenye kiu huliamkia wingu kabla ya mvua.

Hili ndilo kosa langu la kwanza. Nilimaliza mtihani wa kidato cha sita nikarudi nyumbani kungoja matokeo. Siku chache baadaye jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alisimama uani akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kujifunga kanga ya safari, kwani alikuwa akielekea zahanati. Alipita kwetu kwa sababu tulikuwa njiani. "Daktari wetu," akasema, "mtazame mwanao huyu. Jana kutwa alichemka, leo asubuhi ana nafuu. Niende naye au nirudi?"

Lau ningalimjibu, "Nenda, mama," hadithi hii isingalikuwapo. Lakini aliniita daktari, na neno hilo lilinilewesha. Nikaukumbuka ukurasa wa kitabu: vimelea vya malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, chembe hizo hupasuka pamoja baada ya saa 48 hivi, na homa hupanda kwa zamu. Nikamweleza kwa maneno mengi kwamba, ikiwa ni malaria, homa itarudi kesho. Isiporudi, basi ni homa ndogo ya kupita. Nikamshauri angoje aone. Mama yule alinisikiliza kwa heshima ambayo sikuistahili, akaifungua kanga yake, akarudi nyumbani.

Usiku ule mtoto alishikwa na degedege. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki gizani, akatiwa dawa, kisha akapelekwa hospitali. Mtoto aliishi. Lakini kuishi kwake hakukutokana nami, na kama angalikufa, kufa kwake kungalitokana nami kwa sehemu isiyo ndogo.

Niliyoyasema hayakuwa uongo. Zamu ya saa 48 imo vitabuni, nayo ni kweli. Lakini malaria iuayo watoto wetu ni ya aina ambayo aghalabu haishiki zamu inapoanza, na katika mwili wa mtoto mdogo yaweza kufika ubongoni kwa siku moja au mbili. Jambo hilo nalo lilikuwamo katika kitabu kile kile, mistari michache chini. Mimi niliukariri mstari wa juu kwa kuwa ndio uliozoea kuulizwa. Muuguzi wa zahanati, mama mtu mzima aliyekuwa amekesha na mtoto yule, hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulimpima?" Nikasema, "Hapana, mama, sina kipimo." Akasema, "Basi ulijuaje?" Kipimo chenyewe hutaka tone moja la damu na muda wa robo saa. Ujuzi wangu wote wa miaka miwili ulishindwa na tone moja la damu ambalo sikuwa nalo.

Hapo nilifahamu tofauti iliyopo kati ya kujua maradhi na kumjua mgonjwa. Maradhi yamo katika kitabu. Mgonjwa yuko mbele ya macho, na hakuna kitabu kilichoandikwa juu yake. Wazee wetu wa Usukuma walilitambua jambo hili kabla ya shule. Kwa desturi, kijana aliyetaka uganga alikaa kwa mfumu mkubwa akichimba mizizi, akitwanga, akibeba mkoba usio wake, akitazama jinsi mwalimu wake aulizavyo na anyamazavyo. Alikuwa amekwisha kuyajua majina ya dawa zamani; alichokingoja ni macho ya kumtambua mtu. Na sheria yetu ya mwaka 2017 juu ya madaktari na wataalamu wengine wa afya yasema neno hilo hilo kwa lugha ya serikali, inapomkataza kutibu mtu asiyesajiliwa. Sheria hiyo haikuwekwa ili kulinda heshima ya madaktari tu. Imewekwa ili kumlinda mama mwenye kanga ya safari.

Basi nilijiapiza kunyamaza. Nilisema moyoni kwamba sitafungua tena kinywa changu juu ya mwili wa mtu mpaka niwe na cheti mkononi. Ahadi hiyo ilinipendeza, kwani ilikuwa na harufu ya unyenyekevu. Kumbe ndiyo iliyonitia katika kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Mjomba wangu alikuwa mchenjuaji wa dhahabu. Asiyeijua kazi hiyo na aelezwe kwa ufupi. Mawe husagwa katika karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa mwaloni juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa kitambaa, na mchanga mzito ubakiao hutiwa katika karai pamoja na zebaki, ukakorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu. Kisha mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge jeupe-jeupe, na donge hilo huchomwa motoni mpaka zebaki itoke kama mvuke, dhahabu ibaki peke yake. Mjomba alichomea jikoni kwake, usiku, juu ya jiko la mkaa, kwa sababu mtu akionekana anachoma dhahabu uwanjani huwaalika wezi. Mkewe alikuwa akisonga ugali hatua tatu kutoka hapo, na mtoto mchanga mgongoni.

Nami nilikuwa nimeketi mlangoni nikitazama. Nilijua kwamba zebaki huchemka katika nyuzi 357 za sentigredi, na kwamba mkaa hufika joto hilo bila taabu. Nilijua kwamba mvuke wake hauna harufu wala rangi ya kumwonya mtu. Nilijua kwamba mapafu huushika sehemu kubwa, yapata 80 katika kila 100 ya uvutwao, na kwamba kutoka huko huenda katika ubongo na mafigo, na kwa mwenye mimba huvuka hata kwa mtoto aliye tumboni. Hapa hapakuwa na mgonjwa wa kupimwa wala homa ya kukisiwa. Palikuwa na sumu, moto, chumba kimoja na mtoto mchanga. Niliyajua yote hayo, na nilinyamaza.

Nilijipa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kiapo changu. Ya pili ilikuwa adabu, kwamba mtoto hamfundishi mkubwa kazi yake, tena nyumbani kwake. Lakini palikuwa na sababu ya tatu ambayo sikujiambia. Siku zile ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa bado ikilipwa, maana Serikali iliifuta mwaka 2022. Ada yangu, godoro langu, madaftari yangu na nauli ya Shinyanga vilitoka katika jiko lile lile. Kemia iliyonifundisha kwamba mvuke ule ni sumu ilinunuliwa kwa mvuke ule. Niliogopa kwamba nikisema neno nitaonekana ninautukana mkono unilishao. Na labda niliogopa zaidi kwamba mjomba ataacha, na nauli itakwisha.

Woga huu si wa watoto wa Geita peke yao. Katika mji wa Minamata, Japani, mwaka 1956, daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda kimoja, ndiye aliyepeleka habari za kwanza za ugonjwa mpya wa mishipa ya fahamu uliowapata watu waliokula samaki wa ghuba. Mwaka 1959 aliwalisha paka maji machafu ya kiwanda alichokitumikia, akaona paka akishikwa na maradhi yale yale. Zebaki, ya namna nyingine kuliko ile ya jikoni kwa mjomba, ilikuwa imetoka kiwandani ikaingia baharini. Kampuni ilimzuia kutangaza, naye akatii. Alikuja kuyasema mbele ya sheria mwaka 1970, akiwa amelala kitandani hospitalini, na mwaka huo huo akafa. Huyu hakuwa na nusu ya ujuzi. Alikuwa na ujuzi mzima na cheti na cheo. Kwa hiyo wanaodhani kwamba ulimi hufunguka siku ya kupewa cheti wanajidanganya. Aliyejizoeza kunyamaza mlangoni hunyamaza hata akiisha kuingia ndani, kwa kuwa sababu za kunyamaza huzidi kadiri mshahara unavyozidi.

Tena kuna jambo ambalo walimu hawapendi kulisema darasani. Wengi wetu hatufiki huko ndani. Mimi sikufika. Alama zangu hazikutosha udaktari. Zilinipeleka kwenye ualimu, nami sasa hufundisha biolojia. Wako wenzangu walioingia uuguzi, wengine maabara, wengine biashara, na wengine walirudi katika maduara. Lau deni la ujuzi lingalilipwa siku ya kuapishwa udaktari tu, basi wengi tuliosoma sayansi tungalikufa na deni hilo bila hata kuidaiwa senti moja. Mwalimu Nyerere, katika hotuba zake za miaka ya 1960, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Mfano huo ni wa haki. Lakini hauelezi mtu huyo afanye nini akiwa bado njiani. Je, akiona shimo katika njia ambayo watoto wa kijiji chake hupita kila siku, angoje mpaka arudi na mzigo ndipo awaambie?

Miaka ilipita. Mjomba aliacha kazi ya mwalo kwa uzee, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Siwezi kusema kwamba ni zebaki. Mikono ya wazee hutetemeka kwa sababu nyingi, na mimi nimekwisha kukoma kupima watu kwa macho. Lakini siwezi kusema kwamba si zebaki, na katika kutoweza huko ndimo ilimo adhabu yangu. Siku moja, tukiwa tumekaa chini ya mwembe, nilimweleza habari ya mvuke ule.

Alinitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kidato cha tano, mjomba."

Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Wale wataalamu walikuja na magari wakatuambia. Nilidhani wanataka tuiache kazi, wapewe wengine. Wewe nilikuwa ninakusomesha. Ungeniambia wewe, ningelisogeza jiko."

Ni kweli kwamba wataalamu walikuwa wamekuja. Katika miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa ulifika Rwamagasa, ukapima zebaki katika miili ya wachimbaji na jamaa zao, ukawaonyesha vyombo vyenye kifuniko na bomba ambavyo huushika mvuke na kuirudisha zebaki. Baadaye mataifa yalitia sahihi mkataba ulioitwa kwa jina la Minamata, mwaka 2013, nao ukaanza kutumika mwaka 2017. Ujuzi mzima ulikuwapo, basi, na ulikuwa umepanda gari ukaja mpaka kijijini. Uliokosekana ni mtu wa kusadikiwa. Katika jibu la mjomba niliona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri: mwenye nusu ya ujuzi ana kitu ambacho mwenye ujuzi mzima mara nyingi hana, nacho ni ujamaa wa karibu. Yeye hula katika sahani ile ile. Hakuna atakayemshuku kwamba anataka kuwanyang'anya duara lao.

Kwa nini basi maneno yangu kwa mama wa mtoto yalikuwa kosa, na kimya changu kwa mjomba kikawa kosa vilevile? Nimelipima jambo hili mara nyingi, na mizani niliyoipata ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni huu: je, neno ninalotaka kulisema lahitaji kumjua mtu huyu mmoja mwilini mwake, au ni neno lililo kweli kwa kila mtu? Kusema "homa hii ni ndogo" kwahitaji kumjua mtoto huyu, damu yake na kifua chake. Na huo si ujuzi wa shule. Kusema "mvuke wa zebaki ni sumu" hakuhitaji kumpima mtu yeyote. Lile la kwanza ni tiba, na hili la pili ni onyo. Tiba ni ya waliofuzu. Onyo ni la kila ajuaye.

Upande wa pili ni huu: je, nikiwa nimekosea, nani atalipa, na kwa bei gani? Kama nisingalikuwa na haki juu ya zebaki, mjomba angalipoteza nini? Angalilisogeza jiko lake nje ya chumba apikamo mkewe, akapata baridi kidogo ya usiku. Lakini nilipokosea juu ya homa, bei ilikuwa uhai wa mtoto, na mimi sikuwa miongoni mwa walipaji. Neno ambalo kosa lake hulipwa kwa kusogeza jiko laweza kusemwa na mwanafunzi. Neno ambalo kosa lake hulipwa kwa kaburi, mwanafunzi na alipeleke kwa mwenye kulijua.

Na tusidhani kwamba maonyo ni mambo madogo yaliyoachiwa wadogo. Msomaji wa Shinyanga ajua nitakalolitaja. Tangu miaka ya 1970 wanawake wazee wengi wameuawa katika Usukuma kwa kushutumiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Sasa tazama nchi yenyewe. Miti ilikatwa kwa miaka mingi, kwa kupanua mashamba na malisho na kwa kuwafukuza ndorobo, na kuni zikawa adimu. Mpishi huchukua kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba, akapulizia moto ndani ya nyumba yenye dirisha dogo. Mwanamke afanyaye hivyo kwa miaka 50 atakuwa na macho ya namna gani? Mwanafunzi wa kidato cha tano ajua jinsi moshi uudhivyo utando wa jicho, na jinsi mishipa midogo ya damu ivimbavyo ikaonekana. Ajua kwamba wekundu ule ni habari ya jiko. Neno hilo moja, likisemwa barazani kwa upole na kijana wa ukoo huo huo, laweza kusimama kati ya bibi kizee na panga. Hakuna cheti kihitajiwacho kulisema. Aliyelijua akanyamaza, atajitetea kwa nini?

Najua hoja itakayoletwa. Itasemwa kwamba mtoto hana kauli mbele ya wazee, na kwamba shule ikimfundisha kuwakosoa wakubwa wake itakuwa imempa elimu na kumnyang'anya utu. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Lakini adabu yetu haikumfunga mdogo kinywa; ilimfundisha namna ya kukifungua. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima. Ningaliweza kumwuliza mjomba, "Shikamoo mjomba, huu mvuke, mnaona haumdhuru mtoto?" Ningaliweza kupitia kwa mama yangu, ambaye ni dada yake na ambaye maneno yake hakuyatupa. Njia zilikuwapo nyingi. Mara nyingi tusemapo kwamba adabu imetuzuia, kilichotuzuia ni woga uliovaa nguo za adabu.

Kikwazo kimoja cha kweli nitakikubali, nacho ni lugha. Sayansi yetu ya sekondari tulifundishwa kwa Kiingereza. Nilijua kuandika habari ya mvuke wa zebaki kwa lugha ya mtihani, lakini sikuwa nimepata kuisema hata mara moja kwa Kiswahili, seuze kwa Kisukuma. Ujuzi usioweza kusemwa jikoni haujatoka darasani. Kwa hiyo kila mwaka huwapa wanafunzi wangu kazi isiyo na alama: wachague jambo moja katika yale waliyojifunza, warudi nalo likizoni, walieleze nyumbani kwa lugha ya nyumbani, kisha waniletee maswali waliyoulizwa. Wengi hurudi wameinamisha vichwa, kwani bibi zao wamewauliza mambo ambayo kitabu hakiyajui. Huo ndio mwanzo mwema wa utabibu, hata kwa yule ambaye hatakuwa tabibu.

Nawaambia wanafunzi hao neno moja, nami nalisema hapa kwa kumaliza. Mtakapoitwa madaktari kabla ya wakati, msifurahi sana wala msikimbie. Akija mama na mtoto mwenye homa, msimwambie neno lolote ila "Twende," nanyi mbebeeni mtoto mpaka zahanati. Mkimwona mjomba akichoma zebaki jikoni, msingoje cheti. Nusu ya ujuzi ni deni kamili kwa ile nusu iliyojulikana. Na kwa nusu isiyojulikana, ni wajibu wa kumshika mtu mkono na kumfikisha kwa ajuaye. Mjomba wangu hakuniuliza nilijua kiasi gani. Aliniuliza nilijua tangu lini.